Kompyuta ya kwanza ya ofisini haikushinda kwa kasi

Kampuni ya kwanza duniani kuikabidhi kompyuta kazi yake ya ofisi ya kila wiki ilikuwa ikiuza mikate, keki na chai. J. Lyons & Co. ya London ilikuwa na mikahawa ya chai karibu kila mtaa mkubwa wa jiji hilo, na viwanda vyake vikuu vilikuwa Cadby Hall, Hammersmith. Hapo ndipo, mwishoni mwa Novemba 1951, mashine iliyoitwa LEO ilipoanza kukokotoa kila wiki thamani ya mikate na keki zilizotoka kwenye matanuri. Marekani, kampuni ya General Electric ilianza kulipa mishahara kwa kompyuta ya UNIVAC huko Louisville mwaka 1954 tu.

Wanaoisimulia habari hii hukimbilia takwimu moja: karani mzoefu alitumia kama dakika 8 kukokotoa mshahara wa mfanyakazi mmoja, LEO ikatumia sekunde 1.5. Takwimu hiyo ni ya kweli, lakini imepotosha wengi. Kasi ilikuwapo tayari kwenye kompyuta za wanasayansi. Lyons walifanikiwa kwa sababu walikuwa wamezichambua karatasi zao kwa takriban miaka 20 kabla ya kununua hata valvu moja (zile taa za kioo zilizokuwa swichi za kompyuta za wakati huo), na kwa sababu walitambua mapema kwamba kazi ya ofisi inaielemea mashine kwa namna ambayo hesabu za fizikia haziielemei.

Lyons waliishi kwa faida ndogo mno kwa kila mteja. Mtu akinunua kikombe cha chai na andazi, faida yake ilihesabika kwa vipande vya peni, na gharama ya karani wa kuandika, kujumlisha na kukagua mauzo hayo ingeweza kuimeza yote. John Simmons, mwanahisabati wa Cambridge aliyeajiriwa mwaka 1923, alipewa kazi ya kuzipanga upya ofisi, na mwanzoni mwa miaka ya 1930 kampuni ikawa na idara nzima ya kuchunguza taratibu. Swali lao la kila siku lilikuwa: fomu hii inajazwa na nani, inasomwa na nani, na ikifutwa nani atalalamika? Mwaka 1947 wawili wa watu wa Simmons, Raymond Thompson na Oliver Standingford, walisafiri kwenda Marekani kuangalia mashine mpya za ofisini. Huko Princeton, mtaalamu wa kompyuta Herman Goldstine aliwaeleza kwamba mtu waliyemhitaji, Maurice Wilkes, aliyekuwa akijenga kompyuta, alikuwa Chuo Kikuu cha Cambridge, mwendo mfupi kutoka London. Lyons wakakipa chuo pauni 3,000 na kuwaazima fundi wao mmoja, Ernest Lenaerts, ili nao waruhusiwe kuinakili mashine ya Wilkes.

Mashine hiyo, EDSAC, iliendesha programu yake ya kwanza tarehe 6 Mei 1949: jedwali la vipeo vya pili vya namba 0 hadi 99. Baada ya hapo ikawa chombo cha chuo kizima. Mtafiti aliandika maagizo yake kwa mkono, yakatobolewa kwenye utepe wa karatasi wenye safu ya matundu matano, na utepe ukasubiri zamu yake ya kuingizwa. David Wheeler, mwanafunzi wa Wilkes, alibuni njia ya programu kuu kuita programu ndogo na kisha kurejea pale ilipoachia, na kwa njia hiyo ikajengwa maktaba ya tepe: moja ya kipeuo cha pili cha namba, nyingine ya sine, nyingine ya kuchapa majibu. Mwaka 1951 Wheeler na J. C. P. Miller waliitumia EDSAC kupata namba tasa yenye tarakimu 79. Makosa pia yalionekana mapema. Programu moja ya awali ya Wilkes, yenye mistari 126, ilikutwa na makosa kama 20, na hiyo ni kazi ya mtu aliyeijua mashine kuliko wote.

Sasa linganisha kazi mbili. Mtafiti anayetatua mlinganyo huingiza namba chache, mashine ikarudia hatua zile zile maelfu ya mara, kisha ikatoa ukurasa mmoja wa majibu. Kifaa cha kusoma utepe kikiwa cha polepole, hakuna hasara kubwa. Kwenye mishahara mambo hugeuka. Kwa kila mfanyakazi lazima ziingie namba yake, saa alizofanya kazi, kiwango chake cha malipo, makato, na jumla ya kodi aliyokwisha kulipa tangu mwaka wa kodi uanze. Kompyuta yenye mwendo wa EDSAC, takriban maagizo 650 kwa sekunde, ina nafasi ya maagizo kama 1,000 tu ndani ya sekunde 1.5. Hesabu yenyewe inaenea humo. Ila kama kusoma kadi na kuchapa matokeo kunachukua sekunde nyingine kadhaa kwa kila mtu, mashine ya gharama kubwa itakaa ikisubiri karatasi.

John Pinkerton, mhandisi aliyeajiriwa na Lyons mwaka 1949, aliiona hatari hiyo. Kwanza walijaribu tepe za sumaku, wakaikabidhi kazi hiyo kampuni ya nje. Vifaa vilivyoletwa havikutegemeka, muda ukapotea, mwishowe vikaachwa. Wakarudi kwenye kadi za kutobolewa na utepe wa karatasi, vitu vilivyokwisha kujulikana ofisini, lakini wakaviunganisha kwa njia kadhaa zinazofanya kazi kwa wakati mmoja. Njia moja ilileta mabadiliko ya wiki, nyingine ilileta kadi za salio kutoka wiki iliyopita, matokeo ya kuchapwa yakatoka kwa njia yake na kadi za salio jipya kwa njia yake. Kila njia ilikuwa na kihifadhi kidogo cha muda, hivyo mashine iliweza kukokotoa mtu huyu huku ikimsoma wa pili na kumchapa aliyetangulia. Kwa maoni yangu huo ndio uvumbuzi mkubwa wa LEO kwa upande wa vyuma, yaani mashine yenyewe.

Kumbukumbu ilihitaji uangalizi wa kila siku. LEO ilikuwa na mirija 64 ya zebaki, kila mmoja na urefu wa zaidi ya mita moja na nusu. Kipande cha kwatzi upande mmoja kiligeuza umeme kuwa mtikisiko, mtikisiko ukasafiri ndani ya zebaki kwa takriban milisekunde moja, kipande cha upande wa pili kikaugeuza tena kuwa umeme, ukakuzwa na kurudishwa mwanzo. Data ilidumu kwa kuzungushwa bila kukoma. Joto likipanda au kushuka, mwendo wa sauti ndani ya zebaki hubadilika, ishara zikafika nje ya mapigo ya saa ya mashine, na tarakimu zikasomwa vibaya. Jumla ya nafasi ilikuwa maneno 2,048 ya tarakimu 17 za 0 na 1, yaani chini ya kilobaiti 5 kwa vipimo vya leo, na programu pamoja na data yake vililazimika kuenea humo.

Valvu zilikuwa kama 6,000. Valvu inayochoka haifi mara moja; hudhoofika, ikakosea mara moja baada ya saa nzima, kisha ikatulia. Kosa la aina hiyo ni baya kuliko kuzimika, kwa sababu linampa mtu mshahara usio sahihi na hakuna anayelishuku. Dawa ilikuwa kuipima mashine kabla ya kazi kwa kupandisha na kushusha volteji kwa makusudi huku programu za majaribio zikiendelea. Sehemu dhaifu ilijitokeza wakati wa jaribio, ikabadilishwa, kazi ikaanza.

Thamani ya mikate ilichaguliwa iwe kazi ya kwanza kwa busara. Ilikuwa na data halisi, jumla nyingi na bei nyingi, lakini ikichelewa siku moja hakuna anayelala njaa. Mishahara ilisubiri. Majaribio yalikwenda sambamba na makarani kwa muda mrefu, na malipo ya kawaida yalihamia LEO mapema mwaka 1954, zaidi ya miaka miwili baada ya mikate. Meneja wa leo anayezima mfumo wa zamani Ijumaa na kuwasha mpya Jumatatu angeona huo ni uzembe. Mimi naona ndio muda unaostahili.

Mishahara yenyewe ilikuwa imejaa mitego. Kodi ya PAYE ya Uingereza, inayokatwa moja kwa moja kwenye mshahara, huhesabiwa kwa limbikizo, hivyo hesabu ya wiki hii hutegemea jumla ya tangu mwanzo wa mwaka. LEO ilitoboa kadi mpya ya salio kwa kila mtu kila wiki, na kadi hiyo ikarudi kama malighafi wiki iliyofuata. Kadi moja ikipotea au ikipangwa mahali si pake, kosa halikomei wiki hiyo, linarithiwa na zote zinazofuata. Kisha kulikuwa na fedha yenyewe: peni 12 kwa shilingi, shilingi 20 kwa pauni. Mashine ilijua 0 na 1 tu. Kila kiasi kiligeuzwa kikiingia na kugeuzwa tena kikitoka, na ugeuzaji ulikula muda mwingi kiasi kwamba wahandisi waliuwekea maagizo maalumu ndani ya mashine. (Shilingi ya Afrika Mashariki ilikuwa na senti 100 tangu mwaka 1921, kwa hiyo karani wa Mombasa au Dar es Salaam aliepushwa na nusu ya adha hiyo.)

Kwa upande wa programu, mtu wa kutazamwa ni David Caminer, aliyewasimamia waandishi wa programu za LEO. Alidai kila kazi ichorwe mtiririko wake kabla ya kuandikwa agizo hata moja, na kila ukurasa wa maagizo ukaguliwe na mtu mwingine asiyeuandika. Data ilitobolewa na mtu mmoja, ikatobolewa tena na wa pili, na tofauti yoyote ikasimamisha kazi. Kazi iligawanywa kwa mafungu yenye jumla za ukaguzi: jumla ya saa zilizoandikwa kwenye karatasi lazima ilingane na jumla iliyoonwa na mashine, vinginevyo fungu hilo linarudiwa na mengine yanaendelea. Programu pia ilipima kama jibu lina akili. Mshahara uliozidi kiasi fulani, au saa zisizowezekana ndani ya wiki moja, ulitengwa uangaliwe na mtu.

Ila kazi ninayoipenda kuliko zote ni ya oda za mikahawa, iliyoanza mwaka 1954. Kabla yake, kila msimamizi wa mkahawa alijaza kila siku fomu ndefu ya bidhaa zote: keki kadhaa za aina hii, mikate kadhaa ya aina ile. Mtu mvivu wa kompyuta angezichukua fomu zile zile na kuzitoboa zote kwenye kadi. Kwa mikahawa mingi kiasi kile, kutoboa peke yake kungemaliza siku, na gari za usiku zingeondoka tupu. Lyons walibadilisha swali. Kila mkahawa ulipewa oda ya kudumu kwa kila siku ya juma, kwa kuwa Jumatatu za mkahawa mmoja hufanana sana. Mchana, kwa saa iliyopangwa, mkahawa ulipigiwa simu na msimamizi akataja mabadiliko tu: ongeza keki sita, punguza mikate miwili. Mtoboaji akiwa na vifaa vya sauti masikioni aliyatoboa mabadiliko hayo papo hapo huku akimsikiliza. LEO ikachanganya oda ya kudumu na mabadiliko, ikatoa orodha za jiko, za kufungasha na za kupakia magari.

Tazama kilichotokea pale. Data ya kuingizwa ilipungua kabla mashine haijaguswa, na waliolifanikisha hilo ni watu waliojua kwamba msimamizi wa mkahawa huandika vitu vile vile siku hadi siku. Isitoshe, meneja alipata taarifa za yale yaliyotofautiana na kawaida badala ya lundo la namba zote.

Sifa hizo zikavutia wengine. LEO ilikokotoa majedwali ya kodi ya serikali na mishahara ya wafanyakazi wa Ford wa Dagenham. Lyons wakaanzisha kampuni ya kuuza kompyuta hizo mwaka 1954. Mwaka 1963 iliungana na English Electric, na mwaka 1968 kampuni hiyo ikaingia ndani ya ICL, kampuni mpya ya kompyuta ya Uingereza, pamoja na kampuni ya ICT.

Majina hayo mawili ya mwisho yanajulikana Tanzania. Kompyuta ya kwanza nchini, ICT 1500, iliwekwa Wizara ya Fedha mwaka 1965, na baadaye ikafuatiwa na mashine ya familia ya 1900. Hesabu za serikali zilipohamishiwa humo zilivurugika, serikali ikarudi kwenye njia za zamani, na mwaka 1974 uingizaji wa kompyuta ukapigwa marufuku. Mashine za 1900 zilikuwa bora mara nyingi kuliko LEO ya mirija ya zebaki. Kilichokosekana ni watu wa ndani wanaozijua fomu za Hazina kama idara ya Simmons ilivyozijua za Lyons, na wenye mamlaka ya kuzibadilisha. Wataalamu wengi walikuwa wageni wa mkataba, na msimbo wa kifungu cha matumizi ukiandikwa vibaya kwenye fomu huko wizarani, mashine huubeba vile vile hadi kwenye daftari kuu.

Nashikilia kwamba marufuku ile iliadhibu kifaa kisichokuwa na kosa. Fedha ambazo zingeendelea kununua mashine zingeweza kufungua ofisi ya watu wachache pale Hazina, wenye kazi ya kufuata hati moja ya malipo kutoka wilayani hadi kwenye daftari kuu na kuandika kila mkono unaoigusa. Lyons walikuwa na ofisi ya namna hiyo takriban miaka 20 kabla ya kuwa na kompyuta.