Dawa zilizokwama bandarini

Mwanzoni mwa 2021, shehena ya dawa za kupunguza makali ya virusi vya Ukimwi, msaada wa Marekani, ilikwama kwa miezi kadhaa katika bandari ya Mombasa. Serikali ya Kenya ilidai ushuru. Marekani nayo ilikataa dawa zipitie KEMSA, mamlaka ya ugavi wa dawa, iliyokuwa imechafuka kwa kashfa ya vifaa vya Korona mwaka uliotangulia. Ikaitaka kampuni ya kwao, Chemonics, ishike kazi hiyo. Wakubwa wakivutana, wagonjwa waliozoea kubeba dawa za miezi mitatu wakawa wanapewa za mwezi mmoja, au chini ya hapo. Yaani nauli mara tatu, kumwomba bosi ruhusa mara tatu, na kila safari kisingizio kipya kwa asiyejua hali yako.

Wanaotaka mipango ya afya iwe mikononi mwa taifa wana hoja nzito. Januari 2025 Rais Trump alisimamisha misaada ya nje kwa saini moja, na watu waliokuwa wakiwafuatilia wagonjwa walioacha dawa wakaambiwa wakae nyumbani. Wengi wao walikuwa na mikataba ya mashirika, si ajira ya kaunti. Hakuna Mkenya aliyempigia kura mtu aliyetia saini ile.

Lakini Mgala muue na haki yake umpe. PEPFAR, mpango wa Marekani wa kupambana na Ukimwi ulioanzishwa na Rais George W. Bush mwaka 2003, umeokoa mamilioni ya watu. Marais wetu wa Afrika, kule Abuja, Nigeria, mwaka 2001, waliahidi kutenga asilimia 15 ya bajeti kwa afya. Nchi nyingi hazijafika. Na kashfa ya KEMSA hatukuletewa na mzungu. Ukidai funguo za ghala, lazima ukubali kukaguliwa, na hapo ndipo viongozi wetu wanapoanza kuzungumzia uhuru wa nchi.

Desemba 2025 Kenya na Marekani zilitia saini makubaliano ya miaka mitano: Marekani kutoa hadi dola bilioni 1.6, Kenya kuongeza dola milioni 850 zake, na fedha zipitie serikalini badala ya mashirika. Siku chache baadaye Mahakama Kuu ikasimamisha kipengele cha kupeana taarifa za wagonjwa, na ilifanya vyema. Hayo mengine nayaunga mkono, kwa shingo upande. Kipimo changu ni kidogo: fedha za Marekani zikipungua, mgonjwa atatoka kliniki na dawa za miezi mitatu, au za mwezi mmoja?