Mvuke wa Olkaria na mawe yasiyoota tena

Ukiona kipande cha obsidiani, jiwe la volkano lililo kama kioo, njiani katika Mbuga ya Hell's Gate nchini Kenya, kwanza utadhani kuna mtu kavunja chupa. Ni cheusi, kinateleza, na ukingo wake una makali ya wembe. Ukikiinua juani, pale palipo pembamba mwanga unapenya na ule weusi unageuka rangi ya moshi. Nilikishika hivyo kwa dakika nzima, kisha nikakirudisha pale pale nilipokitoa, kwa kuwa ndani ya mbuga hata jiwe halichukuliwi. Nilipoinua macho, mbele yangu kulikuwa na bomba nene la mvuke likipanda kilima, na nyuma yake wingu jeupe likipaa kutoka mtambo wa umeme wa Olkaria.

Jiwe na bomba vimetokana na moto mmoja, na hapo ndipo ugumu wa jambo hili ulipo. Kila picha ya mabomba hayo inaposambaa, mabishano huwa yale yale. Mmoja atasema mbuga imeuzwa. Mwingine atamjibu kwa kumuuliza kama anataka turudi kwenye giza. Nimewasikiliza wote wawili kwa miaka, na naamini kila mmoja ana hoja nzito. Ninachotofautiana nao ni kipimo. Wao hushindanisha thamani, umeme upande huu na mandhari upande ule, na mizani hiyo haitulii kamwe kwa sababu vitu viwili hivyo havina uzito wa aina moja. Mimi naona swali la kuanza nalo ni hili: katika yanayoharibiwa, yapi yanaweza kurudi na yapi hayarudi?

Kwanza ardhi yenyewe. Hell's Gate iko kusini mwa Ziwa Naivasha, katika sakafu ya Bonde la Ufa, jirani na mlima Longonot. Ni mbuga ndogo, kilomita za mraba 68 tu. Lava ya hapa haikuwa ile nyepesi inayotiririka kama uji na kwenda mbali. Ilikuwa nzito, yenye silika nyingi (madini ya mchanga na kioo), ikijikokota na kurundikana karibu na mahali ilipotokea. Ilipopoa haraka, madini hayakupata nafasi ya kujipanga kuwa fuwele, ikagandia katika hali ya kioo, na hiyo ndiyo obsidiani. Watu wa kale wa Bonde la Ufa walichonga visu na ncha za mikuki kwa obsidiani ya bonde la Naivasha, na vifaa hivyo vimechimbuliwa mbali sana na hapa. Ilipopoa polepole, ilisinyaa na kupasuka kwa mistari ya wima, na hivyo majabali mekundu ya Hell's Gate yanaonekana kama nguzo zilizopangwa na fundi bega kwa bega. Katikati ya uwanda limesimama jabali la Fischer's Tower, lenye urefu wa takriban mita 25. Hilo ni lava iliyogandia kooni mwa volkano, na baadaye mlima uliolizunguka ukamomonyoka ukaliacha peke yake. Wamaasai husimulia kwamba ni binti aliyekuwa akipelekwa kuolewa, akageuka nyuma kuangalia kwao licha ya kukatazwa, akawa jiwe.

Halafu kuna lava ya Ololbutot katika eneo hilo la Olkaria, changa kuliko zote. Mkaa wa miti iliyoungua wakati wa mlipuko ule umepimwa, na umri wake ukaonekana kuwa karibu miaka 200 tu. Kwa hesabu za kijiolojia, hiyo ni jana jioni. Huo ndio moto uliobaki chini, na ndio wanaoufuata wachimbaji.

Sasa hoja ya umeme, na ninaitanguliza kwa sababu wapenda mazingira wenzangu huipita haraka mno. Olkaria ilitangulia mbuga. Visima vya kwanza vya majaribio vilichimbwa miaka ya 1950, na mtambo wa kwanza, Olkaria I, ukaanza kuzalisha umeme mwaka 1981. Hell's Gate ilitangazwa kuwa mbuga mwaka 1984, mitambo ikiwa tayari inanguruma. Kwa hiyo anayesema kampuni ya kuzalisha umeme ya KenGen ilivamia hifadhi hana historia upande wake. Waliochora mipaka waliuona mtambo, wakauzungushia mbuga.

La pili ni mvua. Wanaokumbuka ukame wa mwaka 2000 wanakumbuka mgao wa umeme, viwanda vikisimama na maduka yakifungwa mapema kwa kuwa mabwawa ya umeme ya mto Tana yalikuwa yamepungukiwa maji. Jotoardhi, yaani joto la chini ya ardhi linalotoa mvuke huu, halitegemei mawingu. Mvuke hutoka usiku na mchana, kiangazi na masika. Leo Kenya ina zaidi ya megawati 900 za mitambo ya jotoardhi, karibu zote zikiwa Olkaria, na takriban asilimia 40 ya umeme unaozalishwa nchini hutokana nayo. Kila uniti inayotoka pale ni mafuta ya dizeli ambayo hayakuagizwa wala kuchomwa. Mtu anayelilia mazingira hawezi kuifumbia macho hesabu hiyo.

Na wahandisi wamejitahidi. Mabomba yamepinda kwenda juu yakawa kama malango sehemu kadhaa ili twiga na nyati wapite chini yake. Maji ya moto yanayobaki baada ya mvuke kutenganishwa hurudishwa ardhini kwa visima maalum. Pundamilia wanachunga kando ya mabomba bila kushtuka. Hilo nimeliona kwa macho yangu na sitalificha.

Upande wa pili, hata hivyo, una machungu yake, na hayaishii kwenye picha kuharibika. Katika mbuga yenye ukubwa wa Tsavo, mtambo mmoja unapotelea porini. Hapa, kilomita za mraba 68 zinajaa upesi. Kila kisima kinahitaji uwanja uliosawazishwa, bwawa la kupokea maji yake, barabara ya malori na njia ya bomba. Kisima kinapofunguliwa kupimwa, ngurumo yake inaweza kufanana na ya ndege ikipaa. Harufu ya yai bovu, ambayo ni gesi yenye salfa, hukutana na mgeni kabla hajafika. Tumbusi wa Rüppell wanaolala na kuatamia kwenye majabali haya hawana pengine pa kwenda karibu, kwa kuwa mashamba ya maua yameizunguka sehemu kubwa ya Naivasha na njia za wanyama kwenda Longonot zinazidi kubanwa. Hell's Gate ni moja ya mbuga chache Kenya ambako mtu anaruhusiwa kutembea kwa miguu au kuendesha baiskeli katikati ya wanyama bila gari. Mwanafunzi asiye na pesa za kukodi gari anaweza kuisoma volkano kwa miguu yake.

Kuna pia watu. Mwaka 2014 familia za Kimaasai zaidi ya mia moja zilihamishwa kupisha mtambo wa Olkaria IV na kupelekwa makazi mapya yanayoitwa RAPland. Malalamiko yao yalifika hadi jopo la ukaguzi la Benki ya Dunia, nalo likakuta mapungufu katika namna mradi ulivyoshughulikia jambo hilo. Hata jina lenyewe la Olkaria ni la Kimaa, lugha ya Wamaasai, linatokana na udongo mwekundu wa kujipaka. Ninapoandika kuhusu mawe sitaki msomaji afikirie kwamba mahali hapa hapakuwa na wenyewe.

Na kuna hofu ya kitaalamu ambayo mfano wake unatoka New Zealand. Mtambo wa Wairakei ulianza kazi mwaka 1958. Karibu yake kulikuwa na bonde lililosifika kwa chemchemi za maji moto zinazoruka hewani. Presha ya chini iliposhuka kwa sababu ya uchimbaji, chemchemi zile zilizima moja baada ya nyingine. Hakuna aliyezigusa kwa tingatinga. Zilikatiwa pumzi kutoka chini. Kwa Hell's Gate, kuna matundu ya mvuke na vijito vya maji moto katika korongo la Ol Njorowa ambavyo vinategemea mfumo huo huo wa chini ya ardhi.

Lakini New Zealand hiyo hiyo ina mfano wa pili, nao ndio ulionifundisha kipimo changu. Mjini Rotorua watu walikuwa wamechimba visima vingi vya nyumbani, na chemchemi maarufu ya Pohutu ikawa hatarini. Kuanzia mwaka 1986 serikali ikaamuru visima vilivyo karibu nayo vifungwe. Maji ya chini yakapanda tena, na baadhi ya chemchemi zilizokuwa zimelala zikaamka. Kumbe mvuke ukipunguzwa unaweza kurudi, mradi watu wawahi na wawe tayari kuufunga mfereji.

Sasa peleka kipimo hicho Olkaria. Bomba linaweza kung'olewa. Kelele hukoma siku mtambo unapozimwa. Presha ya chini inaweza kujengeka upya miaka ikipita. Nyasi huota juu ya barabara iliyoachwa. Hata tumbusi, wakilindwa, wanaweza kuongezeka. Lakini nguzo za jabali zikilipuliwa ili barabara ipite, hazioti. Ukingo wa lava ya obsidiani ukisawazishwa kuwa uwanja wa mtambo wa kuchimba, hakuna mvua itakayourudisha. Lava ile ya Ololbutot imekaa pale miaka kama mia mbili na bado unaiona ilivyojikunja ikitembea. Tingatinga linahitaji asubuhi moja kuifuta.

Kwa hiyo mimi simwambii mtu afunge Olkaria. Ningekuwa nasema uongo nikidai kwamba ninaweza kuandika haya bila umeme wake. Ninachopinga ni desturi ya kuweka kila athari katika kapu moja linaloitwa athari kwa mandhari, kisha kuahidi kupanda miti na kupaka mabomba rangi inayofanana na vichaka. Rangi ni dawa ya kinachochukiza jicho. Haina msaada kwa jabali lililokatwa.

Zipo njia za kupata mvuke bila kugusa visivyoota. Siku hizi kisima hakichimbwi wima peke yake. Mtambo wa kuchimba ukisimama uwanja mmoja unaweza kuchimba visima kadhaa vinavyopinda chini kwa chini na kufika mbali ya pale uliposimama, mvuke ukatolewa chini ya jabali bila mtu kupanda juu yake. Olkaria wanaitumia mbinu hiyo tayari. Aidha, kuna mradi wa kuikarabati Olkaria I, ile kongwe ya mwaka 1981, ipande kutoka megawati 45 hadi 63 pale pale ilipo. Huu ndio upanuzi ninaoutetea kwa moyo wote: jeraha la zamani linatumiwa vizuri zaidi, na ardhi mpya haipasuliwi.

Mhandisi atanijibu kwamba kisima kinachopinda ni ghali kuliko cha wima, kwamba bomba refu hupoteza joto njiani, na kwamba mvuke haupatikani kila mahali tunapopenda. Ana haki kusema hivyo. Bei hiyo hatimaye humfikia mwananchi anayenunua tokeni za umeme, na wengi wao hawajawahi wala hawatawahi kuiona Hell's Gate. Sidhani inatosha kuwaambia walipe kwa ajili ya uzuri wa mawe. Lakini ninaona ni haki kuwauliza kama wanakubali kitu kilichodumu tangu enzi za waliochonga visu vya obsidiani kifutwe ili kupunguza gharama ya bomba la mita mia chache, kwa mtambo ambao wenyewe utachakaa katika miaka thelathini au arobaini. Tofauti ya umri kati ya vitu hivyo viwili ndiyo inayonielemeza upande wa jiwe.

Kuna anayesema pia kwamba asili yenyewe inabomoa Hell's Gate, hivyo tusijifanye walinzi wa kitu kinachooza. Ni kweli maji yanalikata korongo kila msimu. Aprili 2012 na tena Septemba 2019 mafuriko ya ghafla ndani ya Ol Njorowa yaliua watu waliokuwa wakitembea humo. Korongo lenyewe ni njia ambayo maji ya Ziwa Naivasha la kale yalipitia yakitoka. Hata hivyo maji yanapokata huacha ukuta unaosomeka, tabaka juu ya tabaka, majivu haya na lava ile. Wanajiolojia wamesoma hapo historia ya milipuko kwa sababu maji yaliwafungulia kitabu. Barabara ya malori huacha kifusi.

Kwa sheria ya Kenya, mradi wa aina hii lazima ufanyiwe tathmini ya athari kwa mazingira na wananchi wapewe nafasi ya kutoa maoni kupitia NEMA, mamlaka ya mazingira, kabla ya kibali. Ripoti hizo huwa ndefu, na sehemu ya wanyama na mimea huandikwa kwa kina: spishi hii, idadi ile, msimu wa kuzaliana. Ninataka mawe nayo yapewe orodha yao. Kila jabali la nguzo, kila mtiririko wa lava, kila uwanja wa obsidiani na kila tundu la mvuke liwekwe kwenye ramani kwa jina na mipaka, na kando yake iandikwe ni mita ngapi kutoka hapo tingatinga la kwanza litasimama. Shirika la Wanyamapori, KWS, likiwa ndilo msimamizi wa mbuga, lingeweza kuitayarisha ramani hiyo hata kabla ya mradi wowote kuombwa, ili mwekezaji aikute mezani. Ripoti ijayo ya Olkaria ikitoka, ramani hiyo ndiyo nitakayoitafuta kwanza.