Hiyo 15 imetoka aya gani?

Juzi baada ya isha tulikaa barazani tukabishana mpaka kahawa ikaisha, ishu ilikuwa umri wa binti kuolewa, na mzee wetu mmoja ambaye namheshimu sana akasema kwa uchungu kabisa kwamba bunge halina ruhusa ya kugusa sheria ya Mungu. Kauli hiyo haijanitoka kichwani mpaka leo.

Mimi ni Muislamu, naswali, nafunga, na sitaki kabisa nchi ambayo muumini anaambiwa imani yake aiache nyumbani akienda kupiga kura. Ila kwenye hili sipo na mzee wangu.

Kinachobishaniwa ni Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya 1971, kifungu cha 13: mvulana awe na miaka 18, msichana 15, na mahakama ikitaka inaweza kumruhusu hata wa 14. Sasa naomba mtu anioneshe hiyo 15 iko aya gani au hadithi gani. Haipo. Serikali ilitoa mapendekezo yake 1969, watu wakajadili, nchi ina Waislamu, ina Wakristo, ina watu wa mila zao, wakakubaliana hapo. Yalikuwa mapatano ya kisiasa, na mapatano watu wanaweza kuyarudia.

Halafu tusisahau, fiqhi yetu, yaani sheria za dini kama zilivyofafanuliwa na wanazuoni wa madhehebu ya Kishafii tunayoyafuata huku pwani, ilimpa baba uwezo wa kumuoza binti yake bikira bila hata kumuuliza. Sheria ile ile ya 1971 ikasema hapana, lazima binti mwenyewe aridhie. Yaani bunge lilishagusa zamani sana na misikiti yetu bado inajaa. Wakatoliki nao, kanuni za Kanisa lao zilikuwa zinaruhusu binti wa miaka 12, mwaka 1917 wakapandisha ikawa 14, wenyewe tu kwa wenyewe. Na utumwa je? Vitabu vya fiqhi vina milango mizima ya hukumu za watumwa, soko la Mkunazini pale Unguja lilifungwa 1873 kwa shinikizo la Waingereza, lakini leo hakuna sheikh anayesimama kwenye mimbari kudai lifunguliwe, na hakuna anayeona imani yake imepungua kwa hilo.

Mwaka 2016 Rebeca Gyumi, mwanaharakati wa haki za wasichana, alikwenda Mahakama Kuu, ikasema kifungu cha 13 na cha 17, kile cha ridhaa ya mzazi kwa binti chini ya miaka 18, vinapingana na Katiba na serikali ikapewa mwaka mmoja irekebishe. Serikali ikakata rufaa, na moja ya hoja zake ni kwamba umri ule uliwekwa kwa kuangalia mila na dini za watu. Oktoba 2019 Mahakama ya Rufani ikaitupa rufaa. 2020 ikaja ikaisha sheria ni ile ile. Hapa ndipo panaponiuma, maana mwanasiasa anayeogopa kupoteza kura anajificha nyuma yetu sisi waumini, anasema watu wa dini hawataki, kana kwamba mimi na mke wangu tulishawahi kuulizwa!

Ibara ya 19 ya Katiba imeweka uendeshaji wa jumuiya za dini nje ya shughuli za mamlaka ya nchi, na mimi naiona ni kinga kwetu, kwa sababu serikali ikianza kuniamulia Mungu anataka nini leo, kesho itaamua kwa tafsiri ya mtu mwingine. Sheikh aseme, padri aseme, wasinyamaze. Ila wakifika bungeni walete na sababu ambayo jirani wa dini nyingine anaweza kuipima. Mwili wa miaka 15 kubeba mimba ni hatari, binti aliyeolewa kidato cha pili shule ndio basi tena, hizo hata asiyeswali anazielewa.

Na ukweli hata kitabuni hoja ipo. Suratun Nisaa aya ya 6 inasema mayatima wajaribiwe mpaka wafikie umri wa kuoa, wakionekana wana rushdi, ile akili iliyopevuka, ndio wakabidhiwe mali zao. Mali tu hiyo, inasubiri rushdi. Ijumaa nitakwenda kwa mzee na msahafu, tuisome wote polepole, nataka nimsikie mwenyewe anavyoielewa rushdi ya binti wa miaka 15.