Programu Iniulize Kwanza Kabla ya Kugusa Tagi Zangu

Programu ninayosikilizia muziki ilijisasisha juzi, na ilipofunguka tu ikaanza kuniwekea sawa maktaba yangu bila hata kuniuliza, ikizibadilisha tagi, yaani maelezo ya kila wimbo: jina, msanii, albamu, mwaka. Albamu iliyokuwa imetulia sasa imetawanyika: kila wimbo wenye msanii aliyeshirikishwa umejitenga na kuwa albamu peke yake. Rekodi za 1972 zinasomeka 2009, mwaka ambao CD yake ilitolewa upya. Na kwenye sehemu ya maoni, nilikoandika nani kapiga gitaa la solo katika wimbo gani, hakuna kitu.

Imenikera mno, maana tagi imo ndani ya faili, na faili ni langu. ID3, mfumo wa tagi za MP3, ilipoanza mwaka 1996 ilikuwa baiti 128 tu mwishoni mwa MP3: herufi 30 za jina la wimbo, 30 za msanii, 30 za albamu, na aina ya muziki ni namba tu kutoka kwenye orodha ya aina 80. Muziki usiokuwemo humo ulitupwa kwenye "Other". Toleo la pili, la 1998, likafungua milango: mtunzi, mashairi, mwaka wa toleo la kwanza, hata sehemu unayoipa jina mwenyewe. Kwenye FLAC, aina nyingine ya faili la muziki, uko huru zaidi, wasanii watatu unawaandika kila mmoja kwa nafasi yake. Sasa nafasi yote hiyo ni ya nini kama programu inakuja kuyafuta niliyoandika?

Chukua huo mwaka peke yake. Mimi napanga nyimbo za msanii kwa mwaka zilipotoka mara ya kwanza, ili nisikie sauti yake ikikomaa, bendi ikibadilika, magitaa yakiongezeka. Ukiweka mwaka wa CD, mtu aliyefariki zamani anaonekana bado anatoa albamu, na wimbo wake wa ujanani unakaa baada ya ule wa mwisho. Historia yake yote imevurugwa kwa tarakimu nne.

Majalada nayo yamebadilishwa, lakini hayo nitayarudisha.

Nakubali, kwa shingo upande, kwamba mafaili yanayoitwa "Track 01" yanahitaji msaada wa mashine. MusicBrainz Picard, programu ya kuweka tagi, huutambua wimbo kwa sauti yenyewe, kupitia huduma ya utambuzi iitwayo AcoustID, na kazi hiyo huifanya vizuri. Ila tazama inavyofanya: inakuonyesha tagi ya zamani na mpya sambamba, na haiandiki chochote mpaka uhifadhi. Hiyo ndiyo adabu ninayoidai kwa programu zote.

Hii yangu nimeinyima ruhusa ya kuandika kwenye folda ya muziki. Isome tu. Nyota ninazozipa nyimbo, ambazo ilikuwa inazificha kwenye hifadhidata yake, naziingiza sasa kwenye mafaili yenyewe, ili siku nikihama nihame nazo.