Nauli ya Kwenda Kuulizwa Maswali

Mwaka 2024, treni ya SGR, yaani ya reli ya kisasa, ilipoanza kufika Dodoma, nauli ya SGR ya kawaida hadi Dar es Salaam ilikuwa shilingi 31,000. Naikumbuka kwa sababu niliilipa mara sita ndani ya majuma saba, safari tatu za kwenda na kurudi, nikiitikia wito wa kampuni moja ya usambazaji iliyokuwa ikitafuta mhasibu. Jumla yake ni shilingi 186,000, na hapo sijahesabu daladala, chakula, wala ada ya wakili aliyegonga muhuri kwenye nakala za vyeti vyangu. Mkataba wangu wa awali ulikuwa umekwisha miezi minne kabla, kwa hiyo fedha hiyo ilitoka kwenye mgawo wa kikoba cha mama, kikundi chake cha kuweka akiba.

Safari ya kwanza ilikuwa ya usaili wa kuandika. Ya pili ilikuwa ya kukaa mbele ya jopo la watu watatu, na ya tatu ilikuwa ya kuonana na mkurugenzi, ambaye alinipa dakika kumi na mbili nikiwa nimemsubiri tangu saa mbili na nusu asubuhi hadi adhuhuri. Katika dakika hizo aliniuliza ninatarajia mshahara kiasi gani. Nilipotaja, alitabasamu na kunieleza kwamba bajeti yao haifiki hata nusu ya hapo. Tangazo la kazi lilikuwa limeahidi maslahi mazuri kulingana na uzoefu, maneno ambayo mtu anaweza kuyajaza maana yoyote aitakayo. Tarakimu moja tu katika tangazo lile ingetuepusha sote na safari zile tatu, na mkurugenzi naye angebaki na dakika zake kumi na mbili.

Ninachotaka kusema ni kwamba kampuni zetu huendesha usaili kana kwamba ni jambo la bure, kwa sababu kwao ni karibu na bure. Kila hatua inayoongezwa ili kampuni ijiridhishe zaidi, yaani jopo jingine, jaribio jingine, au siku iliyoahirishwa kwa sababu bosi ana dharura, hulipiwa na mtu ambaye kwa wakati huo hana kipato chochote. Mwenye mshahara humwongezea asiye na mshahara gharama, kisha humshangaa anapofika amechoka na viatu vyenye vumbi.

Serikali nayo haijajivua lawama hii. Matangazo ya Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma ya kuwaita watu kwenye usaili humkumbusha msailiwa kwamba atajigharamia mwenyewe usafiri, chakula na malazi. Hata hivyo, ni lazima niwe mkweli kwamba huko yamefanyika mabadiliko ambayo sekta binafsi haijayaiga. Wenye umri wangu tunaukumbuka Juni 2014, maelfu ya vijana walipojazana katika Uwanja wa Taifa, Dar es Salaam, kufanya usaili wa nafasi zipatazo 70 za Idara ya Uhamiaji. Miaka ya karibuni usaili mwingi wa kuandika hufanyika katika mikoa wanakoishi waombaji, na waliofaulu lakini nafasi zikawa hazikutosha huhifadhiwa katika kanzidata na huweza kupangiwa kazi baadaye bila kusafiri upya. Yapo mengi ya kulalamikia huko pia, lakini angalau kuna mtu aliyekaa akafikiria nauli ya kijana wa Kigoma.

Hoja ninayoisikia sana kwa maafisa rasilimali watu ni kwamba waombaji ni wengi mno kuweza kuwajibu wote. Ni kweli kwamba ni wengi: Mamlaka ya Mapato ilipotangaza nafasi 1,596, walioomba walizidi 135,000, na usaili wa kuandika ukafanyika Machi 2025. Hakuna atakayedai kila mmoja wa hao apelekewe barua yenye maelezo. Lakini hoja hiyo haiwezi kuazimwa na kampuni iliyotuita watu saba katika hatua ya mwisho. Sisi saba tulikuwa na namba za simu, na namba hizo walikuwa nazo, kwani ndizo walizozitumia kutuita. Hadi leo hawajanijibu, na nilijua kwamba sikupata nafasi ile nilipoona tangazo lao likitoka upya.

Halafu kuna maswali yenyewe. Mjumbe mmoja wa jopo aliniuliza kama nimeolewa, na nilipojibu kwamba nina mume na mtoto mmoja, akauliza kama ninatarajia kumwongeza mwingine hivi karibuni. Aliuliza kwa upole kabisa, kama shangazi anayemjulia hali mpwa wake. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, katika kifungu cha 7, inamkataza mwajiri kubagua kwa misingi ya hali ya ndoa, ujauzito au majukumu ya kifamilia, na kifungu hichohicho kinaeleza kwamba mwombaji wa kazi naye anahesabiwa kuwa mwajiriwa kwa ajili ya ulinzi huo. Nilikuwa nakijua kifungu hicho siku ile, lakini nilijibu swali. Mtu aliyekwisha kula mgawo wa kikoba cha mama yake hawezi kuanza kulifundisha jopo sheria.

Hatua ya kuandika nayo ilikuwa na jambo lake. Mbali na maswali ya kawaida, tulipewa daftari la fedha la miezi mitatu na taarifa za benki za miezi hiyo, tukaambiwa tulinganishe na tueleze tofauti zilizopo. Zilikuwa nyaraka halisi za kampuni, kwani wateja walitajwa kwa majina, na nilitumia saa nne kuzitafuta hitilafu, ambazo nilizipata. Sitadai kwamba kazi yangu ilitumika, maana sikuiona ikitumika. Nasema tu kwamba jaribio la kupima ujuzi linaweza kutungwa kwa hesabu za kubuni, tena kwa nusu saa.

Kuhusu vimemo, yaani watu kupewa kazi kwa kujuana, sitasema mengi, kwa kuwa kila msomaji anazo habari zake. Kuhusu makaratasi tunayoyaacha nyuma, nitasema kwamba niliwahi kuuziwa karanga zilizofungwa kwa ukurasa wa wasifu wa mtu, ukiwa na jina, namba ya simu na wadhamini wake watatu, ilhali tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023.

Sasa nimo upande wa wanaouliza, katika ofisi ndogo yenye watu kumi na mmoja. Tulipotafuta mhasibu msaidizi mwaka huu, niliomba mambo matatu na nikapewa mawili: mshahara uandikwe katika tangazo, na mchujo wa kwanza ufanyike kwa simu. La kuwarudishia nauli wanaotoka mikoani lilikataliwa, eti litazoesha watu vibaya, nami bado ninalipigania. Tulipomaliza, niliwaandikia ujumbe mfupi watano waliofika ofisini na hawakuchaguliwa. Binti mmoja alijibu baada ya dakika chache akishukuru, akaongeza kwamba sasa anaweza kukata tiketi ya kurudi Tabora, kwa sababu kwa siku kumi na nane alikuwa amelala sebuleni kwa dada yake Mbagala akisubiri simu yetu.