Karatasi ya Ijumaa

Ijumaa mchana huku Ohio, Marekani, watoto wengi wa shule za msingi wanatoka darasani na folda moja ndani ya begi. Upande wa kushoto kuna kazi za wiki zilizosahihishwa. Upande wa kulia kuna karatasi ya mwalimu wa darasa, ambayo haizidi ukurasa mmoja. Ya darasa la pili wiki hii inasema hivi: Jumatatu tunaanza kutoa kwa kukopa, mfano 52 toa 27, wiki ya kwanza tutatumia vijiti vya makumi na mamoja tu, tafadhali usimfundishe kupanga wima mpaka wiki ya pili, tunasoma habari za wadudu, Alhamisi ni siku ya maktaba, arudishe kitabu. Karatasi inaishia hapo. Haikuomba hela wala haikumshtaki mtoto wa mtu.

Kilichonifanya niandike ni ule mstari wa "mpaka wiki ya pili". Somo halijafundishwa bado, na mwalimu ameshamwonyesha mzazi mahali ambapo msaada wa nyumbani utamchanganya mtoto. Kwetu Tanzania mzazi huyohuyo anaitwa shule kwa mambo mawili: mchango au kesi. Mtoto akifika nyumbani na kusema "mama, mwalimu anakuita," swali la kwanza ni "umefanya nini?" na la pili ni "wanataka shilingi ngapi?" Haimjii mtu kichwani kwamba ameitwa aelezwe jinsi herufi zinavyofundishwa.

Na herufi zenyewe ndizo mfano wangu mkubwa. Tangu mtaala wa KKK (Kusoma, Kuandika na Kuhesabu) wa 2015, darasa la kwanza na la pili wanafundishwa kusoma kwa sauti za herufi. Sasa nendeni jioni kwenye nyumba yoyote mtoto anapofundishwa na mkubwa: shangazi, kaka, bibi, wote wanajua "a, be, che, de". Mtoto ana neno "baba" mbele yake. Shuleni ameambiwa aunganishe sauti, na nyumbani anaambiwa asome "be, a, be, a". Ukiviunganisha hivyo hupati "baba" hata ukikesha. Mtoto ananyamaza, mkubwa anapandwa na hasira, daftari linafungwa. Kesho yake ofisini walimu wanasema wazazi wa siku hizi hawasaidii watoto. Walisaidia, ila walisaidia kwa njia waliyofundishwa wao, kwa sababu hakuna aliyewaambia kwamba njia imebadilika. Sentensi moja ingetosha: "Herufi b tunaitamka kwa sauti yake fupi, hatusemi be."

Najua kuna walioshaanza kuandika kwamba nimeonja theluji misimu miwili na sasa nawafundisha walimu kazi. Sijasema mwalimu wetu ni mvivu. Mwalimu wa huku ana watoto ishirini na kitu, mashine ya kutoa nakala iko mlango wa pili, na mara nyingi ana msaidizi. Mwalimu wetu ana 110, ubao uliochubuka, na bado anatakiwa kusimamia zamu, uji na usafi wa vyoo. Nikimlinganisha kwa kazi anayoifanya kwa alichonacho, mwalimu wetu anamshinda huyu kwa mbali. Lakini karatasi ya darasa haijali darasa lina watoto wangapi. Ujumbe ni uleule kwa ishirini na kwa 110. Kinachoongezeka ni nakala tu, na nakala tunaweza kuzipigia hesabu.

Karatasi ya A4 ikikatwa vipande vinne inatoa barua nne. Watoto 110 wanahitaji karatasi 28. Tuseme nakala ni shilingi 100 kwenye steshenari ya jirani: hiyo ni shilingi 2,800 kwa darasa zima, au shilingi 25 kwa mtoto. Ukituma mara mbili kwa mwezi kwa miezi kumi, mtoto mmoja amekula shilingi 500 kwa mwaka, haifiki bei ya soda. Na hapo nazungumzia darasa la kwanza na la pili tu, ambao hawajui kunakili. Kuanzia la tatu mwalimu anaandika mistari minne ubaoni Ijumaa kabla ya kutawanyika, watoto wananakili nyuma ya daftari la Kiswahili kwa dakika kumi, na yeye anapita akikagua kitu kimoja: tarehe. Watoto wanakosea tarakimu na tarehe kuliko maneno, na mzazi akija siku ambayo siyo, hatakuja tena.

Mistari minne ni hii. Wa kwanza: tunajifunza nini wiki hizi mbili. Wa pili: mwisho wake mtoto aweze kufanya nini, kwa kitendo kinachoonekana, "aelewe kujumlisha" haimsaidii mzazi, ila "apange vizibo 34 katika makumi matatu na mamoja manne" anaweza kukikagua akiwa anachochea ugali. Wa tatu: nyumbani fanya hiki, kwa dakika kumi, kwa vitu vilivyopo, yaani vizibo, punje za mahindi, gazeti lililofungiwa maandazi. Wa nne: shughuli za shule na tarehe zake, kama chanjo, michezo, siku ya kupanda miti.

Na mchango usiandikwe kwenye karatasi hii, hata kwa herufi ndogo. Nasisitiza kwa sababu ndipo mpango wote hufia. Mzazi anayedaiwa hela ya mlinzi akiona neno "mchango" haendelei kusoma, na mtoto akishajua karatasi inaleta ugomvi nyumbani, ataizika njiani. Mchango uwe na barua yake na siku yake.

Tatizo linalofuata ni karatasi kutofika. Huku wanaomba sahihi ya mzazi, na nusu ya sahihi hazirudi. Kwetu naona njia bora ni Jumatatu asubuhi mwalimu kuuliza darasa: "Nani alipanga vizibo na mtu nyumbani? Alikuwa nani?" Mikono itakayonyooka ndiyo rejista yako. Wale watano au sita ambao mikono yao haijawahi kunyooka kwa mwezi mzima, hao ndio wa kutafutwa.

Halafu inakuja hoja ya WhatsApp, maana kila nikizungumza jambo hili naambiwa "si kuna grupu?" Grupu lipo. Lina salamu za Ijumaa, matangazo ya mikopo, video ya ajali, na katikati yake mwalimu aliandika jambo juzi saa nne usiku. Kama ni lazima litumike, lifungwe ili viongozi tu waandike, ujumbe uwe mmoja kwa wiki, siku ileile, na kwa sauti isiyozidi dakika moja, kwa kuwa sauti inamfikia na asiyesoma. Picha za video ziachwe. Zinakula bando la mtu aliyenunua la mia tano. Na kumbukeni watoto wangapi wanalelewa na bibi mwenye simu ya batani. Kwake tuma meseji ya kawaida, chini ya herufi 160: "D2 wiki hii: kujumlisha hadi 99. Mpe mtoto vizibo 30 apange makumi na mamoja, dakika 10 kila jioni. Mwl wa darasa." Hiyo inaingia na nafasi inabaki.

Sasa msinielewe kwamba huku kumekamilika. Huku wamezidisha mpaka inakera. Shule moja inaweza kuwa na programu ya simu ya tabia, nyingine ya kazi za darasani, nyingine ya chakula, nyingine ya basi, na kila moja ina neno lake la siri. Mzazi aliyefanya kazi usiku kucha analala asubuhi, simu inamlilia kwamba mtoto amepewa pointi moja kwa kukaa kimya. Ujumbe wa maana unazama humo humo. Na tafsiri za mashine zina hatari yake. Darasa la tatu linakuja limeandikwa "daraja la tatu". Mzazi wa Kitanzania akisoma hivyo anaelewa mtoto ameshapimwa na hakufanya vizuri. Ndugu mliopo Marekani, pamoja na familia za Kikongo, shikeni hili: Sheria ya Haki za Kiraia ya 1964 inakataza shule zinazopokea fedha za serikali kuu kubagua watu kwa asili yao, na kwa msingi huo mzazi ana haki ya kupewa taarifa muhimu kwa lugha anayoielewa. Omba mkalimani kwa maandishi, wiki moja kabla ya kikao. Usikubali mtoto akutafsirie habari zake mwenyewe.

Na kuna jambo letu ambalo huku hawalipati kwa programu yoyote. Mwalimu wetu anakutana na mama wa mwanafunzi sokoni, kwenye msiba, kisimani. Anamjua baba mdogo wa mtoto na anajua nani hasa anayemlea. Huku mgeni anabonyeza kengele mlangoni, anaonyesha kitambulisho, anabandikwa karatasi kifuani, na asiyeandikwa kwenye fomu hapewi habari hata kama ni bibi wa damu. Sisi njia za kupeleka ujumbe tunazo tele, ila tumezipakia michango mitupu.

Angalieni kikao cha wazazi. Saa tatu nzima juani: mapato na matumizi, madawati, chakula cha mchana, mengineyo. Darasani kunafundishwa nini, hakuna ajenda. Huku mzazi anapewa dakika 15 au 20 peke yake na mwalimu, madaftari yakiwa mezani. Kwa watoto 110, dakika 15 kila mmoja ni saa 27 na nusu, na sitamwomba binadamu yeyote afanye hivyo. Naomba dakika 20 za mwanzo wa kikao, kabla ya hela, kila mwalimu akae na wazazi wa darasa lake awafundishe somo moja kama anavyowafundisha watoto. UWAWA, yaani umoja wa wazazi na walimu wa shule, wanaweza kulisimamia hilo.

"Wazazi wetu hawataelewa." Hili ndilo linaloniudhi kuliko yote. Kuanzia 2010 watafiti wa Uwezo, mpango wa kupima kusoma na kuhesabu kwa watoto, walipita nyumba kwa nyumba, wakawapa watoto hadithi fupi ya darasa la pili wasome, na wakamwambia mzazi matokeo palepale kibarazani. Mama asiyejua kusoma anamwona mwanawe anavyokwama mbele ya hadithi. Huyo anaelewa kuliko anavyoelewa ile ripoti ya Juni inayosema "wa 61 kati ya 108, ongeza bidii." Bidii katika nini? Huku ripoti ya darasa la pili huwa na kila stadi na namba yake, mara nyingi 1 hadi 4, na sheria ya 1974 ya faragha ya wanafunzi inaizuia shule kumwonyesha jirani matokeo ya mwanao. Mtasema nafasi inatia hamasa. Inamtia hamasa wa kwanza hadi wa kumi, wanaoitwa mbele siku ya kufunga shule. Wa 61 alihitaji mtu nyumbani ajue kwamba amekwama kwenye "mb" na "nd", na ajue hivyo mwezi Machi.

Shule zinafunguliwa Januari. Karatasi ya kwanza ya darasa la kwanza iende Ijumaa ya pili, maana ya kwanza bado wanaandikishwa, na mstari wake wa tatu uwe huu: "Mwambie mtoto akuimbie sauti za herufi alizojifunza. Usimsahihishe. Imba naye."