Klabu za jogingi Mbeya: mazoezi au michango?

Anayepita Kabwe, Soweto au Mafiati alfajiri ya Jumamosi hupishana na vikundi vya watu waliovaa fulana za rangi moja, wakikimbia taratibu huku mmoja akitoa wimbo na wengine wakiitikia. Wenyewe huita jogingi. Kwa aliyesoma shule ya msingi nchini haina tofauti kubwa na mchakamchaka, isipokuwa safari hii wanaokimbia ni wafanyabiashara wa Mwanjelwa, walimu na wastaafu, tena wanalipa ada. Ada hiyo ndiyo inayozua mjadala. Wapo wanaosema klabu hizi zimewatoa watu kitandani na kuwapa ndugu wapya, na wapo waliojitoa baada ya miezi mitatu wakilalamika kwamba walikwenda kutafuta afya wakakuta michango ya harusi na misiba.

Ni vyema kuanza na afya, kwa kuwa ndilo jambo linalotajwa kwanza na kuchunguzwa kidogo. Desemba 2016, Samia Suluhu Hassan, wakati huo akiwa Makamu wa Rais, alizindua kampeni ya kuwahimiza wananchi kufanya mazoezi Jumamosi ya pili ya kila mwezi, na hofu iliyokuwa nyuma yake ilikuwa ya kweli: kisukari, shinikizo la damu na maradhi mengine yasiyoambukiza. Shirika la Afya Duniani, kwa upande wake, linamtaka mtu mzima apate kwa wiki angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani, au 75 za mazoezi makali. Mwanachama anayejitokeza Jumamosi pekee kwa saa moja bado hajafika nusu ya hizo 150. Zaidi ya hapo, wataalamu wana kipimo chepesi kisemacho kwamba katika mazoezi ya wastani mtu anaweza kuzungumza lakini hawezi kuimba. Sitaki kuwaudhi waimbishaji wetu, ambao bila wao nisingevuka kilomita ya tatu, lakini anayemaliza beti zote bila kuhema ajue kwamba bado anatembea. Supu na bia za bonanza baada ya mbio ni hesabu nyingine.

Je, basi heri mtu akimbie peke yake? Kwa mwanamume kijana mwenye nidhamu, huenda. Kwa wengi wetu Juni na Julai hujibu swali hilo, kwa kuwa jiji hili liko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari na baridi yake ya alfajiri ina ushawishi mkubwa kuliko azma yoyote ya mtu mmoja. Kinachomtoa mtu kwenye blanketi ni kujua kwamba kuna watu ishirini wanaomsubiri, na kwamba asipofika simu itapigwa. Kwa wanawake hoja ina uzito zaidi. Mwanamke anayekimbia peke yake kabla ya jua kuchomoza hukabiliwa na hatari ya njiani na maneno ya vijiweni kwa pamoja, ilhali akiwa ndani ya kundi la watu thelathini maneno hupungua, na nyumbani pia huwa rahisi kueleza alikokwenda. Hata hivyo, klabu nyingi hupanga shughuli kana kwamba Jumamosi asubuhi hakuna watoto wa kulishwa wala nguo za kufuliwa, na bonanza la kutwa nzima humfaa zaidi asiye na majukumu hayo.

Usalama barabarani una sura mbili. Barabara ya TANZAM inakatiza jijini na kubeba malori yaendayo Tunduma na Zambia. Kundi lenye viakisi mwanga na mtu wa bendera mbele na nyuma huonekana mapema kuliko mkimbiaji mmoja. Lakini kundi hilohilo, likishapata joto la nyimbo, huchukua njia nzima, na nimeona dereva wa lori kwenye mteremko wa Iwambi akilazimika kushika breki za ghafla kwa sababu yetu.

Mahali ambapo naona klabu hazina mshindani ni milimani, na ajabu ni kwamba huko ndiko zinakokwenda kwa nadra. Tumezoea kuwa watu wa jukwaani: Mbeya City iliposhika nafasi ya tatu katika msimu wake wa kwanza wa Ligi Kuu, 2013/14, Uwanja wa Sokoine ulifurika, ilhali kilele cha Loleza, mita 2,656, kinatutazama kila siku na wengi hatujawahi kukikanyaga. Ziwa Ngozi linafikiwa kwa kupanda msitu wenye utelezi ambako ni busara kuwa na mwongozaji. Maua ya Kitulo, iliyotangazwa kuwa hifadhi ya taifa mwaka 2005, huchanua zaidi wakati wa mvua, yaani wakati ambapo kona 57 za kupanda kutoka Chimala kwenda Matamba humtaka dereva makini. Kukodi Kosta, kumlipa mwongozaji na kulipa kiingilio ni mzigo kwa mtu mmoja. Wakigawana ishirini unabebeka, na atakayeteguka mguu atapata wa kumshika mkono.

Turudi kwenye michango. Siamini kwamba ni upotofu wa lengo, kama wakosoaji wanavyodai, kwa sababu klabu ninazoziona zikidumu ni zile zinazozikana, na mtu aliyechangiwa msiba wa mama yake haachi mbio kwa sababu ya mvua. Kosa liko katika kuchanganya mifuko. Katika klabu niliyokuwamo awali, ada, fedha za fulana na rambirambi zote zilikaa kwenye laini ya simu ya mweka hazina. Alipohama mkoa tulibaki na daftari. Ingekuwa imesajiliwa kwa msajili wa vyama vya michezo, chini ya Sheria ya Baraza la Michezo la Taifa ya mwaka 1967, tungekuwa angalau na katiba ya kushika na mahali pa kulalamika. Vilevile hakuna sababu ya kumlazimisha anayetaka kukimbia tu aingie mfuko wa kufa na kuzikana. Alipe ada ndogo ya mazoezi, na mfuko wa jamii uwe wa hiari, wenye akaunti yake na watia saini watatu.

Anayefikiria kujiunga akimbie nao mara tatu kabla ya kulipa kiingilio. Mara ya kwanza aangalie kama wanaobaki nyuma husubiriwa, mara ya pili aombe katiba, na mara ya tatu amuulize mweka hazina salio liko kwa jina la nani.